Weusi wa Kaniki

Mtuhumiwa alikuwa anaomba kalamu.

"Nipe nitie saini, Afande. Niliambiwa nimtandike farasi Kaniki, nikamtandika Radi. Nimekubali. Unataka nini tena?"

Inspekta alikuwa na kalamu mbili mfukoni na hakutoa hata moja. Kituoni walimwita Kupe, kwa kuwa akishang'ang'ania jambo habanduki mpaka ashibe, na jina lenyewe hakulichukia. Alichokichukia ni kesi inayoletwa mezani imeshakunjwa na kupigwa pasi, na hii ililetwa hivyo. Wiki tatu zilizopita mwenye banda la farasi alitoka juu ya farasi kwenda matembezi yake ya asubuhi. Kabla hajafika langoni farasi akapandwa na wazimu, akamtupa kwenye nguzo, na saa sita haikumkuta hai. Kaka mtu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Mkubwa kwa sababu yeye mwenyewe aliuzoesha hivyo, alitoa maelezo kabla hata maiti haijafunikwa. Mtumishi amekosea farasi. Marehemu aliagiza Kaniki, yule mpole ambaye watoto wa shule hupandishwa mgongoni wakasinzia. Mwanamke huyu akamtandikia Radi, mwenye mateke na meno. Radi amepigwa risasi papo hapo na kufukiwa nyuma ya banda. Kaniki yupo, asiyeamini akamtazame.

Ilikuwa hadithi safi mno. Kupe aliiona inanuka sabuni.

"Wiki ya kwanza uliapa kwamba ulimtandika Kaniki," alisema.

"Nilikuwa mbishi."

"Umewalea wote wawili. Utakosea vipi?"

"Wote weusi. Na kulikuwa hakujapambazuka vizuri." Alisema akitazama sakafu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mipana, na katika gauni lake mlikuwa bado mna mabua ya nyasi kavu ambayo hakuyatoa.

"Nani mwingine alimgusa farasi baada yako?"

"Bwana Mkubwa. Alikuja kukaza mkanda wa tandiko, ule unaopita tumboni."

"Huwa anakaza?"

Mwanamke akafikiri kidogo. "Hapana. Yeye hata hatamu hashiki. Anasema inanuka."

Kupe akatazamana na Koplo, msaidizi wake, jitu la miraba minne lililosimama mlangoni. "Basi twende bandani," alimwambia mwanamke. "Umtazame huyo aliyebaki, utuambie ni nani."

"Siendi."

"Ni dakika moja tu."

"Hata mnifunge maisha, simtazami!" Na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

Walipotoka, Koplo akatikisa kichwa kwa hekima ya bei rahisi. "Mwenye hatia huyo, Afande. Anaogopa kumwona Kaniki mzima halafu uongo wake ujulikane."

"Uongo wake upi? Si amekiri?"

Kupe akamwacha Koplo atafune jibu lake. Yeye alikuwa anafikiria jina ambalo wafanyakazi wa bandani walimpa mwanamke yule. Kaniki alipozaliwa, mamaye alimkataa, akawa anampiga teke kila akisogelea chuchu. Mtunza farasi huyu akamnywesha kwa chupa na kulala naye kwenye nyasi mpaka aliposimama imara. Mtoto mwingine hakuwa naye. Ndiyo maana walimwita Mama Kaniki, kwanza kwa utani, kisha utani ukasahaulika.

*

Bwana Mkubwa hakuinuka. Aliwaonyesha viti kwa kidevu, kama mtu anayewaelekeza mafundi wa bomba. Ofisi yake ilikuwa na kila kitu ambacho mtu asiyependa farasi hununua ili adhaniwe anawapenda: viatu virefu vya kupandia ambavyo nyayo zake hazijaona tope, mijeledi ukutani, vikombe vya ushindi ambavyo, ukisoma vizuri, vyote vilikuwa na jina la marehemu. Pembeni yake alikaa Daktari wa mifugo, bwana mwembamba ambaye kazi yake kubwa ilionekana kuwa kuitikia kwa kichwa.

"Mama," Bwana Mkubwa alimwambia Kupe, "samahani nikuulize. Umewahi kupanda hata punda?"

"Sijawahi. Nimefanya kazi na wengi."

Koplo akakohoa. Daktari alianza kucheka, akamtazama mwajiri wake, akaacha.

"Nauliza kwa sababu hili ni jambo la wanaojua farasi," aliendelea Bwana Mkubwa. Akanyoosha kidole kwenye picha mbili kubwa nyuma yake, dume na jike, wote weusi wanaong'aa. "Hao ndio baba na mama wa Kaniki. Wapo bandani mpaka leo, wazee wa heshima. Ukoo wa weusi mtupu, babu kwa babu. Hakuna tone la rangi nyingine. Watu wanatoka mbali kuja kuwaona. Radi alikuwa wa kununua tu, hana ukoo, hana adabu. Lakini naye mweusi."

"Ukiwaweka pamoja utawajuaje?"

"Radi alikuwa na nyota." Akajigusa paji la uso. "Baka jeupe, hapa. Kaniki hana hata unywele mmoja mweupe. Mtoto wa chekechea angewatofautisha. Yule mwanamke ameshindwa. Ndio mambo ya kuwaonea watu huruma ukawapa kazi."

"Na tandiko alilokalia marehemu?"

"Lilifukiwa na farasi. Nani angelitaka tena? Mkosi."

"Lilikuwa la ngozi?"

"La baba yetu. La kushonwa kwa mkono." Akainama kutoa funguo kwenye droo, na kichwa chake kikaja chini ya macho ya Kupe. Nywele zilikuwa nyeusi kupita viatu vyake, zimelazwa nyuma kwa mafuta. Lakini pale zilipogawanyika kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi, umefuata njia yote ya chanuo. Kupe hakuona ajabu. Wanaume wa aina hii huona aibu kuzeeka kuliko kuiba.

Kilichokuwa kinajulikana mjini, na ambacho Bwana Mkubwa hakukitaja, ni kwamba baba yao alimrithisha mdogo banda lote. Mkubwa aliachiwa sifa na heshima, na kwa maoni ya Kupe mzee alikuwa mkarimu hata hapo.

Farasi alikuwa kwenye chumba cha mwisho kabisa, mbali na wenzake. Wafanyakazi waliomzunguka walikuwa wapya wote, hawajui hata ndoo zinawekwa wapi. Wa zamani walipewa ruhusa ya kuomboleza, na hawakuitwa tena. Koplo akanyoosha mkono kwa upole kama aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Masikio ya mnyama yakalala nyuma, meno yakagongana, na mkono wa shati la serikali ukabaki mdomoni mwa farasi.

"Lahaula!" Koplo akarukia nyuma ya Daktari. "Huyu ndiye ambaye watoto husinzia mgongoni mwake?"

"Ana majonzi," alisema Daktari.

"Majonzi hayo yana meno!"

Kupe akasogea kadiri alivyoweza bila kuchangia nguo yake. Paji la uso lilikuwa jeusi tii, hakuna nyota. Hapo moyo wake ulishuka, maana alikuwa amekuja akitumaini kuiona. Akaendelea kutazama. Kuzunguka pua na midomo nywele zilikuwa na wekundu wa kutu. Ndani ya kwapa la mguu wa mbele, kutu tena. Nyuma ya ubavu, pale ngozi inapokunjana na paja, kutu zaidi.

"Mbona hapa amepata kutu?"

"Jua," Daktari akajibu haraka. "Farasi mweusi akikaa sana juani hupauka. Ni jambo la kawaida kabisa, hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanalijua."

"Sawa. Na jua linaingiaje kwapani?"

Daktari akamgeukia Bwana Mkubwa, kana kwamba jibu lilikuwa kwake.

"Tuseme hilo utalifikiria," alisema Kupe. "Siku ya msiba ulifika saa ngapi?"

"Nilipoitwa. Radi alikuwa ameshapigwa risasi."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa amefunikwa turubai."

"Ulilifunua?"

Inzi wakafanya kazi yao.

"Bwana Mkubwa aliniambia ni Radi," alisema Daktari, na sauti ikawa ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Nisingeweza kumwambia mtu aliyefiwa kwamba..."

"Kwa hiyo ulithibitisha kifo cha turubai. Hongera, Daktari. Umesoma miaka mingapi?"

Hakungoja jibu. Alimwambia Koplo ang'oe nywele chache za shingoni, pamoja na mizizi yake, kwa huyu mwenye majonzi na kwa wale wazee wawili wa kwenye picha. Koplo alimsihi kwa macho, asisikilizwe. Bwana Mkubwa akacheka kwa nguvu, mikono kiunoni.

"Chukueni hata mkia mzima! Mjitengenezee wigi!"

*

Garini Koplo alikuwa na furaha ya mtu aliyeokoka. "Basi yameisha, Afande. Nyota hana. Radi alikuwa na nyota, huyu hana, huyu ni Kaniki. Mama wa watu alikosea. Kuuma si hoja, hata mimi nikifiwa naweza kuuma."

"Na kwapa?"

"Kwapa ni kwapa tu, Afande. La kwangu mwenyewe sijui rangi yake."

Kupe hakubisha. Alikuwa na kwapa moja la farasi, mkanda uliokazwa na mtu asiyekaza mikanda, na tandiko la urithi lililotupwa shimoni na mtu ambaye mji mzima unamjua kwa ubahili. Dhidi ya hayo kulikuwa na paji la uso jeusi, na mkuu wa kituo aliyekwisha kumwambia kwamba mtuhumiwa akikiri, mpelelezi mwenye akili hushukuru na kwenda nyumbani.

Wiki ilipokaribia kwisha, mtaalamu wa vinasaba aliwaita maabara. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na subira na mtu yeyote. Meza yake ilijaa vichupa, na juu ya kabati alikuwa amebandika picha za farasi wa kila rangi.

"Watu wanatazama farasi kama wanachagua kitambaa," alisema bila salamu. "Cheusi, chekundu, cheupe, funga nipeleke. Kaeni. Msiguse kitu. Wewe mkubwa, hasa wewe."

Koplo akakunja mikono mapajani.

"Mmeniletea nywele za farasi watatu, wote mnawaita weusi. Wawili ni weusi. Mwingine ni wa kahawia aliyekolea mpaka akawadanganya." Akapachua picha mbili. "Chukua farasi mwenye weusi katika damu yake. Kama hakuna cha kuuzuia, weusi unamwenea mwili mzima. Huyo ndiye mweusi wa kweli. Lakini kipo kinasaba ambacho ni kama askari wa getini. Kinausukuma weusi pembeni, kinauambia wewe kaa miguuni, kaa shingoni, kaa mkiani. Mwilini panabaki kahawia. Wengine kahawia hiyo ni nyepesi, kila mtu anaiona. Wengine imekolea, ukiwa mbali unaapa kwamba ni makaa. Basi usitazame mgongo. Tazama sehemu laini: midomo, kwapa, ubavuni kwa nyuma. Hapo kutu haifichiki."

"Daktari anasema ni jua."

"Daktari gani?" Kupe alipomtajia, mama yule akavuta pumzi ndefu. "Nilimfundisha. Nilimfelisha, akapita kwa mlango mwingine. Sikiliza. Jua hupausha kile linachokiona: mgongo, ncha za manyoya ya shingo. Mweusi aliyepauka ana kutu juu, na midomo yake inabaki myeusi. Huyu wenu ana kutu palepale pasipoona jua. Lakini macho yanaweza kubishiwa, kwa hiyo nimepima. Farasi huyu ana huyo askari wa getini."

"Na wale wazee wawili?"

"Hawana. Wote wawili. Ni weusi kamili, kama mwenye nao anavyojigamba. Sasa niambie, na hii haihitaji shule: mama hana, baba hana, mtoto atakitoa wapi?"

"Kinaweza kujificha? Kikaruka kizazi?"

"Vingine hujificha, hiki hakijifichi kwa farasi mweusi. Kikiwepo kinafanya kazi. Weusi wawili wanaweza kukuzalia mweusi, wanaweza hata kukushangaza kwa mwekundu mtupu kuanzia pua hadi mkia. Wa kahawia mwenye mkia mweusi, kamwe. Huyo si mtoto wao. Mwiteni jina mnalopenda, lakini Kaniki si yeye."

Kupe alimfikiria Bwana Mkubwa akiwa amesimama mbele ya picha zake, akiusifia ukoo ambao ndio ungemwangusha. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limevuma ushahidi.

"Lakini nyota?" Koplo akauliza kwa unyonge. "Radi alikuwa na nyota. Huyu hana."

"Nyota kwenye paji unaitafuta kwenye ngozi, si kwenye kichupa changu. Nywele nyeupe huota juu ya ngozi ya waridi. Nyeusi huota juu ya ngozi nyeusi. Nywele unaweza kuidanganya kwa chochote. Ngozi humwaga rangi baada ya siku chache na kurudi ilivyokuwa, na nywele mpya inayoota haijui kwamba mnaficha kitu. Chukueni maji na wembe. Na mtu wa kumshika kichwa." Akamtazama Koplo kuanzia juu hadi chini. "Yupo."

Kupe alikuwa ameshasimama. Kitu fulani kilikuwa kimemjia, chembamba kama uzi, kimefuata njia ya chanuo. Akacheka peke yake. Koplo hakuwa amemsikia akicheka tangu ahamie kituo kile, akaona ni dalili mbaya.

*

Safari hii walifika na hati ya upekuzi, makoleo, na askari wanne. Bwana Mkubwa alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Mama, umerudi? Umeshakuwa mpanda farasi?"

"Nimekuja kumwosha mmoja."

Farasi alishikwa na watu watatu, Koplo akiwa wa kichwani, amefumba macho na kunong'ona maneno ambayo huenda yalikuwa sala. Kupe akamimina maji taratibu kwenye paji la uso. Nywele zikalala, zikagawanyika. Chini yake, katikati ya ngozi nyeusi, kilionekana kidoa cha waridi kama ulimi wa mtoto, kikubwa kama yai, kingo zake zimepindapinda. Akapitisha wembe kwa uangalifu. Nywele alizonyoa akaziweka kwenye kiganja na kuzisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Nchani zilikuwa nyeusi. Mizizini zilikuwa nyeupe pe.

"Fungua macho, Koplo."

Koplo akafungua jicho moja. "Lo! Amezeeka mahali pamoja tu!"

Daktari, aliyekuwa amesimama nyuma, akaanza kurudi kinyumenyume mpaka akagongana na askari.

"Huyu ni Radi," alisema Kupe. "Yule aliyepigwa risasi ni Kaniki. Maana yake Mama Kaniki alimtandika farasi aliyeagizwa, na Kaniki mpole, aliyebeba watoto wa shule miaka yote, akapandwa na wazimu siku aliyokaziwa mkanda na wewe. Mji mzima ungeuliza amepatwa na nini. Radi akimuua mtu, nani atauliza?"

"Upuuzi." Chai ilikuwa imeanza kumwagika kwenye sahani. "Kama kapakwa, kapakwa na yule mwanamke! Anajua siri zote za banda hili!"

"Yule mwanamke alichukuliwa kutoka hapa siku ya msiba, kabla ya risasi kupoa. Aliyempaka huyu alimpaka baadaye."

"Basi sijui! Wafanyakazi hawa..."

"Bwana Mkubwa, inama kidogo."

"Niniii?"

"Inama. Nimekagua mmoja, nimesahau wa pili."

Hakuinama, lakini Kupe alikuwa mrefu na mwenzake hakuwa. Akamzunguka bila haraka, akashika zile nywele kwenye kiganja na kuziinua karibu na njia ya chanuo kichwani mwake. Wafanyakazi wapya walisogea. Hata farasi aliacha kupiga kwato.

"Weusi huu unafanana," alisema Kupe. "Mizizi nayo imeota karibu sawa. Msiba ulitokea, ukaingia bafuni kujitengeneza kwa ajili ya mazishi, na kilichobaki kwenye kopo ukaona uchungu kukitupa. Ukaja kumpaka farasi. Mtu mwenye akili angenunua kopo jingine, mahali pengine. Mtu mwenye aibu asingempaka kabisa. Wewe umeua ndugu yako halafu ukabania rangi ya nywele."

Askari aliyetoka ndani ya nyumba alishika kopo kwa kitambaa. Lilikuwa kwenye kabati la bafuni, nyuma ya manukato, na kwenye brashi yake zilinasa nywele fupi, ngumu, ambazo hazikuwa za binadamu. Kupe aliagiza yote yapelekwe kwa mama mwenye miwani. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa na kioo bafuni, na hakuona.

Bwana Mkubwa alirudisha maringo yake mpaka aliposikia makoleo nyuma ya banda.

"Mnachimba nini? Ameshaoza yule! Mtaambukizwa magonjwa!"

"Ngozi haiozi upesi hivyo. Chuma hakiozi kabisa."

Jasho lilianza kumtoka pale kwenye njia ya chanuo, na kila tone lililoshuka liliacha mchirizi wa mafuta. Alitazama lango, akatazama gari lake, akamtazama Daktari, na Daktari akatazama pembeni kama mtu asiyefahamiana naye.

Walimkuta Kaniki amelala na tandiko lake mgongoni. Aliyemfukia hakuthubutu kulivua mbele ya watu. Kupe alilikata mwenyewe mikanda yake, akainua ile ngozi nzuri iliyoshonwa kwa mkono. Katika sufi ya chini yake, upande wa kushoto, pale uzito wa mpandaji unapotua, kulikuwa na kipande cha waya wa miba, kifupi, kimepigwa kwa nyundo kikawa bapa. Ilikuwa ni kukaza mkanda tu, kukichomeka, na kumtakia ndugu yako matembezi mema.

Kupe akarudi alipofungwa pingu Bwana Mkubwa, akamtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga.

"Niliambiwa nije kwa wanaojua farasi," alisema. "Mmoja tu ndiye aliyekuwa hapa, na ukamfungisha."

*

Alasiri ile alifungua mlango wa mahabusu yeye mwenyewe. Alikuwa na matope kwenye viatu na furaha kifuani, furaha chungu ya mtu aliyemkamata anayestahili. Mama Kaniki alikuwa amekaa vilevile, mabua yake gaunini.

"Simama, Mama. Unakwenda nyumbani. Bwana Mkubwa amechukua nafasi yako."

Mwanamke hakusimama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu hukukosea. Ulimtandika farasi uliyeagizwa. Yeye ndiye aliyetia waya chini ya tandiko. Huyo aliyebaki bandani ni Radi, kapakwa rangi kichwani. Tumempima."

"Vipimo vinaweza kukosea."

"Hivi havikukosea."

"Mmeangalia vizuri? Wote weusi, Afande. Hata mimi..." Akatafuta maneno. "Kulikuwa na giza. Ningeweza kukosea."

"Hukukosea. Tumemfukua. Hana nyota, ngozi yake nyeusi mwili mzima. Ana..."

Hapo Kupe akajisikia akisema. Akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa. Mwanamke alikuwa amejikunja, mikono mipana juu ya mdomo, na kilichotoka hakikuwa kilio cha mtu aliyeachiliwa. Koplo aliyekuwa mlangoni akavua kofia bila kujua kwa nini anaivua. Sasa Kupe alielewa kwa nini mwanamke yule hakutaka kumtazama farasi aliyebaki, na kwa nini wiki ya pili aliacha ubishi. Alikuwa amepewa achague: ama yeye ni mjinga aliyeua mtu, na Kaniki anakula nyasi zake bandani, ama yeye hana kosa. Alikuwa ameshachagua.

"Aligeuka kunitazama," alisema, "nilipokuwa namfunga tandiko. Huwa hageuki mpaka nimwite."

Dharau yote ambayo Kupe aliibeba tangu asubuhi haikuwa na pa kukaa humu ndani. Akashika mlango ili usijifunge.

Mama Kaniki akainuka taratibu, akaanza kuyatoa mabua gaunini, moja moja, akiyakusanya kiganjani.

"Afande," alisema, "ungenipa tu ile kalamu."